Aliyeumia yuko ndani ya biashara au nje yake?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasoma uchumi. Tumefundishwa kwamba soko hushindwa kwa sababu ya taarifa pungufu, tena hushindwa kwa sababu ya athari za nje. Kila nikitafakari naona ni kitu kimoja: bei imekosea, watu wanaifuata, basi. Kwa nini vitabu vinatenganisha? Na kama kweli ni vitu viwili, kwenye zoezi tumepewa sigara. Niiweke kapu lipi?"

Marahaba. Nianze na matangazo mawili yaliyobandikwa hadharani, moja dirishani na jingine kwenye pampu ya mafuta.

Mwaka 1998 kaunti ya Los Angeles, Marekani, ilianzisha utaratibu wa migahawa kubandika kadi yenye alama ya usafi, A, B au C, mahali ambapo mteja anaiona kabla hajaingia. Ukaguzi wenyewe haukuwa mgeni. Wakaguzi walikuwa wakipita, wakiandika, na majalada yakibaki ofisini. Kilichobadilika ni kwamba sasa mteja anasoma. Wachumi Ginger Zhe Jin na Phillip Leslie walichapisha uchunguzi wao mwaka 2003 wakionyesha kwamba alama za usafi zilipanda baada ya kadi kuanza. (Walikadiria pia wagonjwa wa tumbo walipungua kiasi gani. Hesabu hiyo imebishaniwa sana baadaye, nami siiegemei.)

Sasa njoo kwenye pampu. Kuanzia magari ya mwaka 1975, mengi ya magari mapya Marekani yalifungwa kwenye ekzosi kifaa cha kusafisha moshi, na kifaa hicho huharibiwa na madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli. Ikaamriwa magari hayo yanywe petroli isiyo na risasi tu. Maandishi yakawekwa kwenye gari na kwenye pampu. Mdomo wa tangi ukafanywa mwembamba, ili bomba la petroli yenye risasi, lililokuwa nene, lisiingie. Lakini petroli yenye risasi ilikuwa na nafuu kidogo ya bei. Madereva wengi walifanya nini? Walitia faneli. Wengine waliutanua ule mdomo wa tangi kwa chuma.

Watu hawa walisoma tangazo, wakalielewa vizuri, wakatafuta njia ya kulipita. Ukweli uliosafisha majiko ya Los Angeles haukumzuia mtu kwenye pampu. Tofauti ni hii: anayesoma kadi ya mgahawa ndiye atakayeumwa tumbo. Anayesoma tangazo la pampu si yeye atakayevuta ile risasi. Atakayeivuta ni mtoto anayecheza kando ya barabara, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake. Mtoto huyo hakuwepo wakati mafuta yanauzwa, na hakuna aliyemwuliza.

Hapo ndipo vitabu vinapotenganisha. Kwenye taarifa pungufu, anayeumia ni mmoja wa waliokaa mezani: mnunuzi au muuzaji, bima au mwenye bima, mwajiri au mwajiriwa. Kwenye athari za nje, waliokaa mezani wanaweza kuwa wanajua kila kitu, wameridhika, wamepeana mikono, na anayeumia hakualikwa. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hapa fahali hawapigani hata kidogo, wamepatana vizuri kabisa, na nyasi zinaumia vilevile.

Basi ukipewa zoezi lolote, jiulize swali moja kabla hujachora mchoro: nikiwapa wote wanaohusika ukweli wote leo, tatizo linaisha? Likiisha, lilikuwa la taarifa. Likibaki, kuna mtu nje ya biashara anayebebeshwa mzigo usio wake. Kipimo hiki kina nyufa zake, na tutazifikia, lakini kitakutoa kwenye makosa mengi ninayoyaona kwenye karatasi za mitihani.

Tuanze na taarifa. Hesabu ya George Akerlof ya mwaka 1970 kuhusu magari yaliyotumika kila mtu anaitaja na wachache wanaifanya kwa mkono. Tuifanye.

Kuna wenye magari watano. Kila mmoja analijua gari lake. La kwanza mwenyewe analithamini kwa 200, la pili 400, la tatu 600, la nne 800, la tano 1,000. Kuna wanunuzi wengi, na kila gari wao wanalithamini zaidi ya mwenyewe kwa asilimia 20: yaani 240, 480, 720, 960 na 1,200. Kama ubora ungeonekana kwa macho, magari yote matano yangeuzwa na watu wangegawana faida ya jumla ya 600 (40 na 80 na 120 na 160 na 200).

Sasa funika boneti. Mnunuzi hawezi kutofautisha. Anapiga hesabu ya wastani: thamani ya magari matano kwake ni 720 kila moja, kwa hiyo hatalipa zaidi ya 720. Wenye magari ya 800 na 1,000 wanasikia bei hiyo, wanaondoka. Mnunuzi si mjinga. Anajua kwamba kwa bei hiyo mazuri yamejitoa. Yaliyobaki ni matatu, wastani wake 480. Anashusha. Mwenye gari la 600 anaondoka. Yamebaki mawili, wastani 360. Mwenye gari la 400 anaondoka. Limebaki moja, bovu kuliko yote, linauzwa kwa 240 au chini kidogo. Kati ya faida ya 600 imepatikana 40.

Angalia nani amedanganya katika hadithi hii. Hakuna. Hakuna aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu kila mnunuzi ameliogopa gunia. Mwenye gari zuri anasema ukweli mtupu, na ukweli wake hauna thamani kwa kuwa mwenye gari bovu angesema maneno hayohayo. Hasara kubwa ni magari manne ambayo hayakuuzwa, na hasara hiyo haionekani popote. Haina mlalamikaji wala risiti. Wanafunzi wengi wakisikia "taarifa pungufu" wanafikiria utapeli, wanapendekeza polisi. Polisi wangekuta soko tulivu, lenye gari moja.

Akerlof mwenyewe alipata tabu kulichapisha andiko hilo. Majarida matatu yalilikataa. Mawili yaliona ni jambo dogo mno, la tatu likaona kwamba kama ni kweli basi ni kubwa mno. Lilitokea hatimaye kwenye jarida la nne, na mwaka 2001 yeye, Michael Spence na Joseph Stiglitz wakapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi zao kuhusu masoko yenye taarifa zisizo sawa.

Usidhani mporomoko huo ni wa kwenye karatasi tu. Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1995 kilibadilisha namna kinavyowachangia wafanyakazi wake bima ya afya, hivi kwamba aliyetaka mpango wenye mafao mengi alitakiwa kulipa nyongeza kubwa mfukoni mwake. Vijana na wenye afya njema wakahamia mipango nafuu. Mpango mpana ukabaki na wenye umri mkubwa na wanaougua zaidi, michango yake ikapanda, wengine wakatoka, ikapanda tena. David Cutler na Sarah Reber waliufuatilia mkasa huo katika andiko la mwaka 1998: ndani ya miaka miwili, 1997, mpango ule ulifungwa. Ni magari yetu matano yaleyale, ila safari hii muuzaji ndiye asiyejua na mnunuzi ndiye anayejua hali yake.

Hilo huitwa uchaguzi hasi, nalo hutokea kabla ya mkataba. Kuna dada yake anayetokea baada ya mkataba: mtu akishakatiwa bima anapunguza tahadhari, na kampuni haiwezi kumwangalia usiku na mchana. Vitabu huita hatari ya kimaadili, jina ambalo sijawahi kulipenda, kwa kuwa linamfanya mtu wa kawaida aonekane mwovu. Anachofanya ni kuacha kulipia kwa jasho lake jambo ambalo sasa analipiwa na mwingine. Ndiyo maana bima nyingi humwachia mteja sehemu ya hasara aibebe mwenyewe.

Dawa za ugonjwa wa taarifa zinafanana kwa kitu kimoja: zote zinatafuta njia ya ukweli kuvuka kutoka kwa anayejua kwenda kwa asiyejua, ukafika ukiwa bado unaaminika. Kadi ya dirishani ni njia mojawapo. Nyingine ni dhamana: mwenye gari zuri anaweza kuahidi matengenezo ya miaka miwili bila kupata jasho, mwenye gari bovu akiahidi hivyo atafilisika. Kwa hiyo ahadi yenyewe inazungumza. Spence mwaka 1973 alionyesha kwamba ishara ya namna hii hufanya kazi pale tu ambapo ni ghali zaidi kwa asiyefaa kuliko kwa anayefaa, na akaongeza jambo chungu: cheti cha shule kinaweza kumtambulisha mfanyakazi hodari hata kama masomo hayakumwongezea uhodari wowote. Fedha na miaka imetumika ili kuonyesha tu. Kwa hiyo hata pale soko linapojitibu, tiba inaweza kuwa na bei mbaya.

Sasa njoo upande wa pili, wa athari za nje.

Kiwanda kiko juu ya mto, wavuvi wako chini. Tani ya kwanza ya uzalishaji inakiletea kiwanda faida ya 100, ya pili 80, ya tatu 60, ya nne 40, ya tano 20, na baada ya hapo hakuna faida. Kila tani inamwaga maji machafu yanayowatia wavuvi hasara ya 50. Kiwanda kikifuata hesabu yake kitatengeneza tani tano: faida 300, hasara ya wavuvi 250, jamii nzima imebaki na 50. Kingeishia tani tatu, faida ingekuwa 240, hasara 150, jamii ingebaki na 90. Tani ya nne na ya tano zinaleta 60 zikiharibu 100.

Arthur Pigou, mwalimu wa Cambridge, aliliandika jibu lake mwaka 1920: toza kodi ya 50 kwa kila tani. Kiwanda hakitahitaji kuwapenda wavuvi. Tani ya nne italeta 40 na kutozwa 50, kwa hiyo hakitaitengeneza. Kodi imechukua gharama iliyokuwa mtoni na kuiweka kwenye daftari la mwenye kiwanda.

Mambo mawili hapa huwapotosha wanafunzi. Kwanza, jibu halikuwa sifuri. Mto haukurudi kuwa safi. Umebaki na uchafu wa tani tatu kwa sababu tani hizo tatu zina thamani kuliko uharibifu wake. Kuna wanaolichukia jibu hili, na pale uharibifu unapohusu uhai wa watu nawaelewa, ila hiyo ndiyo hoja yenyewe na mtu akiipinga aipinge ikiwa wazi. Pili, si kila anayeumizwa na biashara ya wengine ameumizwa na athari ya nje. Mpinzani wako akiuza bei rahisi ukapoteza wateja, umeumia kweli, lakini ulichopoteza wewe wamekipata wao. Jamii haijapoteza kitu. Samaki waliokufa mtoni hakuna aliyewapata.

Ronald Coase, mwaka 1960, aliuliza kwa nini hawa watu wasikae chini wakaelewana. Mpe kiwanda haki ya mto: wavuvi watakilipa kiasi kati ya 20 na 50 kiache tani ya tano, na kati ya 40 na 50 kiache ya nne. Kwa tani ya tatu watashindwa, maana kiwanda kitataka zaidi ya 60. Sasa geuza, wape wavuvi haki ya mto: kiwanda kitawalipa zaidi ya 50 kwa kila moja ya tani tatu za kwanza, na ya nne hakitaweza kuilipia. Pande zote mbili tunaishia tani tatu. Kinachobadilika ni nani anamlipa nani, na hicho kwa wavuvi ndicho chakula cha watoto wao, hata kama mchumi anakipita haraka.

Aidha, wachumi wenyewe wamewahi kuona athari ya nje mahali ambapo watu walishaelewana zamani. James Meade mwaka 1952 alitoa mfano wa nyuki na mashamba ya matofaa: mwenye nyuki anachavusha maua ya jirani bila malipo, mwenye shamba analisha nyuki wa jirani bila malipo. Mfano ukapendwa, ukafundishwa kila mahali. Mwaka 1973 Steven Cheung akaenda kuangalia jimbo la Washington, akakuta wafuga nyuki na wenye mashamba wana mikataba, na bei zake zinajulikana. Nauhifadhi mfano huu kwa ajili ya siku ambazo ubao unanifanya nijiamini mno.

Basi, kwa nini wavuvi na kiwanda wasielewane kila mara? Jibu la kawaida ni kwamba wavuvi ni wengi, kila mmoja anangoja mwenzake achange, na moshi wa magari una wahanga mamilioni. Hilo ni kweli. Lakini kuna jibu la pili, na hapa ndipo swali lako linapoanza kuwa na meno.

Rudi mtoni, na safari hii funika daftari. Kiwanda hakijui wavuvi wanapoteza kiasi gani, na wavuvi hawajui tani ya nne inaleta nini. Wavuvi wakidai fidia watasema hasara ni 90. Kiwanda kikidai kulipwa kiache tani ya nne kitasema inaingiza 70. Kila mmoja ana sababu ya kutia chumvi, kila mmoja anajua mwenzake anatia chumvi, na maelewano yaliyokuwa na faida kwa wote yanavunjika. Roger Myerson na Mark Satterthwaite walithibitisha kihisabati mwaka 1983 kwamba, pale thamani za pande mbili zilipo siri na haijulikani mapema kama biashara inafaa, hakuna utaratibu wa hiari utakaohakikisha kila biashara yenye faida inafanyika bila mtu wa nje kutia fedha. Athari ya nje inabaki pale kwa sababu ya taarifa. Magonjwa mawili, moja likimlinda mwenzake.

Serikali nayo haiponi. Kodi ya Pigou ilikuwa nzuri kwa sababu mimi mwalimu niliandika 50 ubaoni. Nani alimwambia waziri? Atawauliza wavuvi, atakiuliza kiwanda, na kote atapata chumvi. Martin Weitzman mwaka 1974 aliuliza: kama hujui, ni heri uweke bei ya uchafu au kikomo cha kiasi chake? Jibu lake kwa ufupi: ikiwa madhara yanaruka ghafla uchafu ukizidi kiwango fulani, weka kikomo. Ikiwa madhara yanapanda taratibu lakini gharama ya kupunguza inapanda kwa kasi, weka bei.

Mfano ninaoupenda kwenye hili ni salfa iliyosababisha mvua ya asidi Marekani. Sheria ya mwaka 1990 iliweka kikomo cha salfa dioksidi kutoka mitambo ya umeme, kwa lengo la kupunguza karibu tani milioni 10 kwa mwaka kulinganisha na mwaka 1980. Vibali viligawiwa, na kuanzia 1995 kampuni ziliweza kuuziana. Aliyetunga sheria hakuhitaji kujua ni mtambo upi unaweza kupunguza kwa gharama ndogo. Mtambo ulioona kwake ni rahisi ulipunguza ukauza vibali, ulioona ni ghali ulinunua. Gharama ikaja kuwa ndogo sana kuliko ilivyotabiriwa, na sehemu kubwa ya sababu hakuna aliyeipanga: makaa ya mawe ya Wyoming yana salfa kidogo, na nauli za reli zilikuwa zimeshuka baada ya masharti ya serikali kwenye reli kulegezwa mwaka 1980, hivyo kuyasafirisha mbali kukawa na faida. Wahandisi wa kila mtambo walilijua hilo kabla ya ofisi yoyote. Athari ya nje ilipewa bei, na bei ikaenda kuchimbua taarifa.

Kuna na mlango mwingine zinapokutana. Taarifa yenyewe ni bidhaa yenye athari za nje. Ukihangaika siku nzima kumchunguza muuzaji, kisha ukawaambia watu ulichokikuta, wamefaidika bila kukulipa. Sanford Grossman na Stiglitz walilipeleka wazo hili hadi mwisho mwaka 1980: kama bei za soko zingekuwa zinaonyesha kila kitu kinachojulikana, hakuna ambaye angegharamia kujua, maana angeweza kusoma bei tu. Kwa hiyo haziwezi kuonyesha kila kitu. Ukaguzi wa migahawa unaogharamiwa kwa fedha ya umma unaeleweka zaidi ukiuangalia hivi. Mteja mmoja mmoja hatalipia mkaguzi aingie jikoni ili wapita njia wote wafaidi.

Sasa nikurudishie haki yako. Uliposema ni kitu kimoja, ulikuwa umegusa jambo ambalo Bruce Greenwald na Stiglitz waliliandikia mwaka 1986. Tazama tena magari matano. Mwenye gari la 200 akilileta sokoni, anashusha wastani, na wastani ukishuka mwenye gari la 800 anaumia. Hawana mkataba wowote wao wawili, hawafahamiani hata. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Hiyo nayo ni athari ya nje! Nilisema hapo juu kwamba kuumizwa kupitia bei si hasara ya jamii. Walichoonyesha hao wawili ni kwamba kauli hiyo inasimama pale taarifa zikiwa kamili na masoko yakiwa kamili. Zikipungua, hata msukumo wa bei unaweza kuacha hasara isiyopokewa na mtu. Kwa hiyo ukipanda juu sana, aina mbili zinaungana, na uliyoyaona wewe yapo.

Ukishuka kwenda kutibu, zinaachana tena. Mwenye gari la 800 ukimpa fundi anayeaminika, mwenye cheti chake, tatizo lake limekwisha bila kodi wala marufuku. Yule mtoto wa kando ya barabara ukimpa vyeti vyote vya dunia, hewa ni ileile. Risasi iliwekwa kwenye petroli baada ya Thomas Midgley kugundua mwaka 1921, akiwa General Motors, kwamba inazuia injini kugonga. Kwamba risasi ni sumu kulijulikana hata wakati huo, na ushahidi ukarundikana kwa miongo. Iliondolewa kwa sheria, nchi baada ya nchi, na Algeria ilipoacha kuiuza mwaka 2021 ndipo Umoja wa Mataifa ulipotangaza kwamba hakuna tena nchi inayowauzia wenye magari. Miaka 100, na katika sehemu kubwa yake ukweli ulikuwepo.

Kwenye sigara usitafute kapu moja. Ikate vipande.

Kipande cha kwanza ni mapafu ya mvutaji mwenyewe. Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha mwaka 1950 uchunguzi uliohusisha uvutaji na saratani ya mapafu, na mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akatoa ripoti yake. Onyo likaanza kuandikwa kwenye pakiti huko mwaka 1966. Hapo ni taarifa: mnunuzi alikuwa hajui, na watengenezaji walikuja kubainika walijua mengi kuliko walivyosema. Pitisha kipimo chako: baada ya kuambiwa, wengi waliacha. Hawakuacha wote, na kwa waliobaki kuna uraibu, ambao hauingii vizuri kwenye kapu lolote kati ya mawili. Andika hivyo, usilazimishe.

Kipande cha pili ni aliyekaa karibu. Takeshi Hirayama wa Japani alichapisha mwaka 1981 uchunguzi wa wanawake wasiovuta ambao waume zao wanavuta, akakuta saratani ya mapafu inawaua zaidi kuliko wake za wasiovuta. Onyo la kwenye pakiti linamwambia nini mke huyu? Pakiti si yake. Hii ni athari ya nje, na dawa yake ikaja kwa sura nyingine: Ireland mwaka 2004 ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku uvutaji katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo. (Ukitaka kumchosha msahihishaji kwa njia nzuri, muulize kama mhudumu wa baa ni mtu wa nje kweli, maana alikubali kazi na mshahara. Kama alijua hatari na mshahara ulimfidia, yuko mezani. Kama hakujua, tumerudi kwenye taarifa.)

Kipande cha tatu ni gharama ya matibabu pale inapobebwa na bima au na kodi za wote. Hapo mvutaji anawahamishia wengine sehemu ya gharama, ila usikimbilie jumla: wavutaji hufa mapema, na wachumi wamebishana miaka mingi kama kwa hesabu ya fedha peke yake wanaigharimu hazina au wanaipunguzia mzigo wa pensheni. Ni hesabu yenye ubaridi, lakini ukiitaja kwa mistari miwili msahihishaji atajua umesoma.

Kodi ya sigara iache mwisho. Inagusa vipande vyote vitatu kwa pamoja, na swali watakalokuuliza ni kiwango chake kinatoka kwenye kipande kipi.